Sikuanguka, na Bwana Hakunitupa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mujibu polepole tu, Mungu si kiziwi, na jirani hapa iko na mutoto amelala.

Mi ni Mama Neema, fundi wa kushona, mutu wa Bukavu. Bengi munanijua kwa nguo za shule za batoto benu. Leo nimekuja kusema vile Bwana aliniokoa na woga, maana woga huo ulikuwa karibu kunivunjia nyumba.

Kanisa tulilosali kwanza, mi na mume wangu Papa Neema, ni kanisa la moto. Silisemi vibaya. Siku tulifika hapa Malawi, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, bila hata sufuria, pale njo tulipokelewa. Lakini pale, nabii akikuwekea mkono kwa kichwa, unaanguka. Bote banaanguka! Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma na kitenge, mama akianguka namfunika miguu. Nilifunika bamama bengi, jamani! Na mi mwenyewe bakiniombea, nabaki nimesimama kama nguzo. Nabii anasukuma, shingo inauma, sianguki. Si kiburi, ndugu zangu. Nilitaka! Nilifunga chakula, nililia, nikamwambia Mungu, "Baba, niangushe na mi." Wapi!

Bantu bakacheka tu, ikapita. Kisha ikaja mambo ya dosie, faili yetu ya wakimbizi. Munajua wenyewe. Tuliitwa kwa mahojiano ya kuhamia Amerika, majirani bakaanza kutuaga, halafu dosie ikakaa. Ikakaa, ikakaa. Bale tulihojiwa nao bakapanda ndege. Papa Neema akaenda kumuuliza nabii. Nabii akafunga macho, akasema mbele ya kanisa lote: katika nyumba hiyo iko mutu mwenye roho ya kizuizi. Nani? Ule asiyeanguka.

Ee Mungu wangu! Bote bakageuka kuniangalia. Mama mmoja niliyemfunika miguu juma lililopita akahama benchi. Bazee ba kanisa bakamwambia mume wangu anirudishe kwa kaka yangu, naye anakaa humu humu kambini, mpaka roho initoke. Papa Neema hakukubali, hakukataa. Nyumbani akaniuliza, "Mama Neema, kuanguka tu inakushinda nini? Si ulale chini hata kidogo?"

Nikamwambia, "Nilale chini kwa ajili ya nani? Mungu anajua magoti yangu."

Akatoka nje. Iliniuma sana. Nikaanza kuamini kwamba pengine kweli niko na kitu. Nikiangalia batoto bangu, naogopa kubagusa.

Jumapili moja nikaamua kupeleka nguo Lilongwe, kule Area 36, kwa mteja wangu Mmalawi, mama mwenye duka dogo. Nilikimbia kanisa, niseme ukweli. Nikamkuta anafunga duka, anaenda kusali. Akaniambia twende, nguo atapima baadaye. Nikajisemea, haya, kama niko na pepo, na balione ba huku pia.

Chumba kidogo, viti vya plastiki. Bakasoma kifungu kimoja cha Neno, kisha bakanyamaza. Mi nikangoja ngoma. Ngoma hakuna. Nikangoja nabii. Nabii hakuna! Nikafungua jicho moja: bantu bamekaa tu, mzee mmoja anajikuna goti. Hakuna aliyeniwekea mkono. Na katika kimya ile nikaanza kusema na Mungu kwa sauti yangu ya kawaida, ndani ya moyo, vile nasemaga naye nikiwa kwa mashini ya kushona. Nikaelewa kwamba tangu utoto hivi njo naamini, na haijawahi kuwa dhambi. Woga ukatoka, haleluya! Nililia sana. Mteja wangu akanipa leso. Nikamwambia zikomo, asante ya kwao, tukaenda kupima nguo.

Nikarudi nyumbani na maneno yangu. "Papa Neema, mi sina roho ya kizuizi. Ukitaka kunirudisha kwa kaka, nirudishe. Lakini sitaanguka kwa ajili ya dosie. Na Jumapili narudi kule." Nilisema yote!

Jumapili ikafika. Nikavaa, naye akavaa viatu. Nikajua imekwisha, anaenda kubaambia bazee kwamba amekubali. Tukatembea. Tukafika kwenye kanisa lake, akapita. Akafika kwa minibus ya Lilongwe, akamwonyesha konda vidole viwili, bantu babili, akaniambia, "Sogea kidogo nikae." Njo hivyo tu!

Sasa musicheke. Kule bakinyamaza, Papa Neema akalala. Tena na kukoroma! Nikaona haya, nikataka kumdukua kwa kiwiko. Halafu nikafikiri: tangu mahojiano yale, mwanaume huyu halalagi. Anageuka, anatoka nje, anaangalia simu ambayo haijalia. Mzee wa pale akaniashiria kwa mkono: muache. Kichwa chake kikaja kwa bega langu, bega la mutu wa kizuizi. Sikutikisika mpaka ibada ikaisha.

Dosie haijasonga, ndugu zangu. Sidanganyi mutu. Namshukuru Mungu bado niko kwa nyumba yangu, na batoto bangu nabakumbatia. Bale banaanguka na kuinuka na furaha, baanguke, Mungu ni wao pia. Lakini kama iko mutu hapa anajiogopa mwenyewe kwa sababu ya maneno ya mutu, amtegemee Bwana, aje akae na sisi kule Lilongwe. Hatutamsukuma. Na kama munaona naongeza chumvi, Papa Neema ule pale, mumuulize kama jana usiku amelala.