Sista Melania na Simu Isiyo na Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, Sista Melania Mihayo anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya uuguzi, mingi kati yake katika kliniki yetu ya afya ya akili hapa Segese. Mimi, Edson, msaidizi wake, naandika haya nikiwa sina utulivu, na sababu mtaiona.

Sista hajui kukaa. Kiti chake cha ofisini kimechakaa kwa vumbi tu. Mradi wa simu ulipokuja, tuliambiwa tutapumzika: mgonjwa aliyeridhia anawekewa programu, simu inapima anavyotembea na anavyolala, na akianza kujifungia ndani, kompyuta yetu inaonyesha nyekundu.

Wiki ya kwanza wagonjwa wetu ambao ni wachimbaji wa dhahabu, karibu wote walikuwa nyekundu. Sista akarukia bodaboda hadi machimboni, roho mkononi. Akakuta simu zote zimelala kwenye beseni la Mama Doto, muuza chai, zikiwasubiri wenyewe. Huku mtu hashuki shimoni na simu, humwachia anayemwamini. Tulicheka mpaka machozi, na programu ikarekebishwa.

Yeye hakucheka sana. Tangu siku hiyo, kwanza alitaka kujua simu iko kwa nani.

Ndipo ikaja siku ya Mageni, ambaye ameniruhusu nimtaje. Alikuwa nyekundu muda mrefu, hatoki nje. Ghafla akawa kijani, simu inazunguka gulioni tangu asubuhi. Tukashangilia, tukaagiza chai. Sista akaikunja shuka aliyoishika.

“Mageni huyu wa kuogopa watu, leo yuko gulioni? Hiyo si miguu yake,” alisema, akaondoka.

Simu alikuwa nayo mkewe, kaiazima baada ya yake kuisha chaji. Mageni alikuwa ndani, mlango umefungwa, amekata tamaa ya kuishi. Sista akaketi naye sakafuni mpaka jua likazama. Ndiyo siku pekee ninayojua alikaa.

Sasa kompyuta naachiwa mimi. Jana ilikuwa kijani tupu, juu hadi chini. Nilishindwa kuimaliza chai yangu, nikaita bodaboda.

Sista, asante kwa kututia wasiwasi wenye faida. Tunakuombea afya, usingizi na siku zisizo na haraka. Zawadi yetu ni kiti cha mbao za mninga. Mageni amekibeba mwenyewe kutoka kwa fundi, kakiweka mbele, hapa ukumbini tunapokuagia, na amesimama karibu nacho anakusubiri.

Tafadhali, leo kaa.