Maisha ya Bi Pua na Mlima Ulioungua

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni kitindamimba wa familia hii, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, naomba mnivumilie, maana katika karatasi hii yamo mambo ambayo sijawahi kuyatamka mbele za watu.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Pua kwa sababu alinusa moshi kabla mwenye jiko hajajua kuwa chakula kinaungua, alizaliwa tarehe 3 Juni 1971 katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, mwaka niliozaliwa mimi, akamaliza 1984, akaingia sekondari hadi 1988, kisha akasomea uhazili kwa miaka miwili, na tarehe 4 Februari 1991 akaajiriwa kuwa karani katika ofisi ya misitu, akapewa meza ya dirishani na mashine ya kupiga chapa iliyokuwa inaruka herufi. Waliosoma naye watawaambia kwamba hakuwa mwoga hata kidogo, kwamba aliwahi kuua nyoka jikoni kwa mwiko na kuendelea kupika kwa mwiko mwingine.

Woga ulimwingia Jumanne, tarehe 20 Agosti 1996, na aliyemtia woga huo ni mimi.

Siku hiyo nilipanda mlimani kurina asali bila kibali, nikiwa na mwenge wa majani makavu, nyuki wakanivamia usoni, nikautupa mwenge nikakimbia, na nilipogeuka niliona moshi mwembamba kama uzi, nikajiambia utazimika wenyewe. Moto uliwaka siku sita. Ulikula msitu kutoka kijitoni hadi kileleni, na mlinzi wa zamu, aliyekuwa juu ya mnara wa kuangalia moto, aliungua mikono yote miwili akishuka ngazi ya chuma iliyokuwa imeshika joto. Dada alinikuta nyuma ya nyumba, uso umevimba, nguo zinanuka, hakuniuliza lolote, alifua shati langu mara tatu, akawaambia wazazi kwamba ni jino, nikanywa uji wiki nzima kwa sababu ya jino lililokuwa zima. Baadaye ofisini alipewa ripoti aipige chapa, na ni vidole vyake vilivyoandika kwamba chanzo cha moto hakijulikani.

Tangu hapo akawa mtu wa kushtuka, mlango ukibishwa anashika ukuta, gari la serikali likipita anahesabu hadi lipotee, na mimi nikimtazama najua anachohesabu.

Machi 1997 aliomba kuhamishiwa kitalu cha miche, na mkuu wake alidhani anaumwa, maana nani anaacha kiti na kivuli akachimbe udongo. Mlima ulikuwa mweusi, kila mvua ilishusha majivu hadi maji ya kijito yakawa kama wino, na ofisi ilikuwa imepanda misonobari elfu tisa ambayo baada ya mwaka haukubaki hata mmoja kati ya kumi. Alimwambia mkuu wake, "Huu mlima hauna ngozi, nyinyi mnauvalisha koti." Walimcheka, kisha wakamwachia mteremko mmoja ajaribu. Alilaza magogo yaliyoungua kukingama mteremko ili udongo usitoroke, akakataza visiki kung'olewa kwa kuwa vingine vilikuwa vinachipua, akaenda kwenye makorongo ambayo moto uliyaruka akaokota mbegu za miti ya asili, akazipanda kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na kila masika akapanda, kila kiangazi akapalilia, mwaka baada ya mwaka, hadi ndege walipoanza kumsaidia kuleta mbegu nyingine.

Tarehe 11 Julai 1998 alifunga ndoa na yule mlinzi wa mnara. Alianza kwa kumpelekea chakula hospitali kwa sababu dhamiri ilimsuta, akaishia kumpenda, na alipompenda woga ukazidi, kwa kuwa sasa mtu aliyemwogopa kuliko polisi alilala ubavuni mwake. Hakuweza kuwasha jiko, hivyo shemeji yangu ndiye aliyepika miaka yote, na yeye mwenyewe alikuwa akitania kwamba katika nyumba yake aliyeungua ndiye mpishi. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza mwaka 1999, ambaye ni mwalimu, na wa pili mwaka 2002, ambaye ni fundi umeme, na hakuna asiyejua kwamba fani hiyo aliichagua ili mama yake aache kuchomoa nyaya za majirani.

Tarehe 14 Septemba 2019, saa nane mchana, alikuwa mlimani na wafanyakazi kumi na wanne wakisafisha njia ya kuzuia moto, upepo ukageuka, na moto ulioanzia mashambani ukawazingira pande mbili. Wenzake wanasema alikaa chini, na wote wakaanza kukimbilia juu. Hapo ndipo aliposimama akawaita, "Rudini, moto unapanda mlima kuliko mbuzi, twendeni kijitoni." Kijitoni ndiko kulikokuwa na ile miti yake ya kwanza, ya miaka ishirini, kivuli chake kilikuwa kimeua nyasi zote na ardhi chini yake ilikuwa na unyevu, lakini aliniambia hakuiamini, kwamba maisha yake yote alijua mti ni kuni. Walilala kifudifudi, nguo zilizoloweshwa majini zikiwa vichwani, wakausikia moto ukija kwa ngurumo kama lori, ukafika kwenye miti ya ukingoni, ukashuka ukawa moto wa goti, ukatambaa, ukafa. Aliwahesabu watu wake mara saba. Walitimia.

Moshi wa siku ile haukutoka kifuani mwake. Alianza kukohoa mwaka 2021, Mei 2023 madaktari wakasema mapafu yamechoka, akalazwa mara nne, na Jumatano tarehe 6 Machi 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akafariki, mkono wake ukiwa katika mikono ya mumewe. Siku tatu kabla ya hapo alinivuta karibu akasema, "Nimechoka kuogopa peke yangu. Ukisoma maisha yangu, mwaka wa tisini na sita usiuruke."

Juzi nilikwenda kwa shemeji yangu nikamwambia kwanza yeye, nimesimama, maana sikuona haki ya kuketi. Aliuliza upepo siku ile nilipoutupa mwenge ulikuwa unatoka wapi, nikamjibu ulitoka bondeni kuelekea mnarani, akaitazama mikono yake akasema, "Soma yote." Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Jumatatu nitakwenda ofisi ya misitu kuandikisha maelezo yangu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompa pumzi hata zilipokuwa hazitoshi, majirani mliozima majiko yenu alipokuwa amelala dirisha wazi, wafanyakazi wenzake wa kitalu mliombeba kwa zamu kumshusha kutoka mlimani kikohozi kilipomzidi, na wale kumi na wanne, ambao nawaona mmekaa pamoja pale nyuma.

Dada, woga niachie mimi, ni wangu tangu mwanzo. Wewe pumzika kwa amani.