Suti ya Ladarius

Basi la ndugu wa wafungwa lilishauacha mji wa Montgomery. Ernestine hakuwa na wa kuzungumza naye ila mwanamke asiyemjua, aliyekuwa akijichotea karanga za kuchemsha za Ernestine kana kwamba walizinunua pamoja.

“Mwanangu ameshinda rufaa,” Ernestine alimwambia. “Kesi inaanza upya. Jaji hakuwaeleza wale raia walioteuliwa kuamua kesi kwamba Ladarius alitulia kwa sababu ya dawa. Wakamwona mzima, wakasema wazimu anausingizia.”

“Na siku hiyo alivaa nini?”

“Suti ya kanisani. Niliipiga pasi mwenyewe.”

“Dada, umemleta mgonjwa wako kama shemasi, halafu lawama zote kwa jaji.”

Ernestine alicheka, na kicheko kikamshangaza mwenyewe; nyumbani kwake hakuna wa kumchekesha.

“Sasa anataka kuacha dawa, wamwone alivyokuwa. Leo anangoja nimwambie ndiyo au hapana.”

“Mwambie ndiyo. Si bora hospitali kuliko kifungo cha maisha?”

“Bila dawa hanijui. Aliwahi kunifukuza, akidai nimeiba uso wa mama yake. Na sina mwingine wa kuniita mama.”

“Kwa hiyo azeekee gerezani?”

“Azeeke akinijua.”

“Hapo unamwonea huruma yeye, au unajionea wewe?”

Basi lilisimama kwenye lango la gereza. Mwanamke yule alijipangusa chumvi mikononi, akateremka na wenzake. Ernestine alibaki kitini, akiinyoosha kola ya gauni lake la kanisani.