Mafungu Manne ya Ukindu

Mfaume hakuigusa kahawa yake. Alikaa kwenye benchi la kahawa pale Nyamwage, mbele ya duka la spea, hasira imemkaba. Mwaka juzi shemeji yake Mwajabu alimsukia mkeka wa hatua mbili kwa tatu, ukala mafungu mawili ya ukindu. Sasa binti wa Mfaume anaolewa Ijumaa, naye baba kataka mkubwa, hatua nne kwa sita. Akapeleka mafungu manne. Jana Mwajabu kasema ukindu umekwisha na mkeka umefika nusu tu. Basi asubuhi Mfaume akamwita mwizi, mlangoni kwake, watu wakisikia. Haki yake kabisa! Ila moyo ulikataa kutulia.

— Mwajabu kaonekana stendi ya Kibiti na furushi, alisema Hemedy, waliyemwita Redio. Furushi la nini?

— Labda nguo, alisema Mfaume, akitamani abishiwe.

— Nguo gani zina ncha?

Kudra, yaani Msomi, aliyewahi kuwa karani wa ghala, akakunja uso.

— Urefu mara mbili, upana mara mbili, ukindu mara mbili. Kapungukiwaje?

Redio akashusha sauti.

— Kuna mtandao, ndugu zangu. Ukindu wetu unavushwa ng'ambo. Wanatengenezea matairi.

— Matairi?

— Hujiulizi kwa nini porini hauonekani siku hizi?

Mfaume akaanza kuyaamini matairi. Yalimpa nafuu.

Salama, muuza kashata aliyehamia juzi kutoka kijiji cha Mkongo, akatua sinia lake.

— Samahani, kaka zangu. Huo mkeka mpya, wa zamani unaenea mara ngapi juu yake?

— Mara mbili! alisema Msomi.

Salama akaweka kashata moja benchini.

— Huu wa zamani. Zidisha upana.

Msomi akaweka ya pili ubavuni.

— Haya, na urefu.

Akaweka ya tatu chini ya ya kwanza. Kona moja ikabaki wazi. Wakaitazama. Mfaume mwenyewe akaijaza.

— Mikeka minne, alisema. Mafungu manane. Mimi nimempa nusu.

— Sasa kumwomba radhi anaenda nani? aliuliza Salama.

Redio akasema anawahi swala, na adhana bado. Msomi akaila kashata ya kona. Mfaume alijawa na haya. Akavaa kandambili, akashika njia ya kwa Mwajabu, taratibu, akitafuta neno la kwanza asilipate.