Viroba vya Winchi

Kijiwe chetu kiko Nyahanga, Kahama, kwenye baraza la banda langu la cherehani, na naomba ijulikane kwamba benchi ni langu ingawa sijawahi kulikalia nikaenea. Upande wa kivuli hukaa Profesa, fundi simu ambaye shahada yake hakuna aliyeiona, ila ana laptopu. Upande wa barabara hukaa Broka, dalali wa dhahabu, mtu asiyeamini kitu mpaka akishike. Mama Loveness anatuuzia kahawa na kutusuta bure. Mimi wananiita Sindano. Nafasi ya katikati ni ya Winchi, ambaye kazi yake ni kuzungusha winchi ya kupandisha mawe ya dhahabu kutoka shimoni. Juzi alikimbilia Ushirombo, mkewe kajifungua, na tangu hapo simu yake haipatikani. Kabla hajapanda gari alinishika mkono akaniomba nimfuatilie viroba vyake vya mawe. Mwenye viroba arobaini anaingia kesho kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. Aliyepungukiwa anasubiri mpaka mvua zipite. Winchi ana kichanga, na nyumba yake imeezekwa turubai. Kwa hiyo siku hiyo hatukuwa tunabishana kwa starehe, au tuseme si kwa starehe tu.

Profesa: Faili la shimo hili hapa, nimetumiwa. Mistari kibao. Safu ya kwanza majina, safu ya pili viroba, ya tatu zamu.

Mama Loveness: Basi hesabu, jua linakwenda.

Profesa: Kuhesabu kwa kidole ni mambo ya zamani, mama. Hapa naandika fomula, inaitwa SUMIF. Naiambia hivi: shuka na safu ya majina, kila ukikuta Winchi, chukua viroba vilivyo pembeni yake uvijumlishe. Asiye Winchi, mruke.

Broka: Na yenyewe inamjua Winchi?

Profesa: Inajua ninachoiambia.

Akaanza kuchapa, herufi moja, kahawa kidogo, herufi nyingine.

Broka: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Profesa: Kwani kuna chawa hapa? Tulia.

Akabonyeza. Tukagonganisha vichwa juu ya kioo. Kumi na saba.

Winchi ni mtu ambaye viganja vyake vimeota sugu mpaka kikombe cha moto anakishika bila kuhisi. Viroba kumi na saba vya nini?

Broka: Kaibiwa.

Profesa: Subiri tutumie akili kwanza. Laptopu hii niliinunua Mwanza, ilikuwa ya mfanyabiashara wa samaki. Imezoea vitu vyepesi. Mawe yanaielemea.

Mama Loveness: Namba ina uzito?

Profesa: Namba ya mawe inao.

Broka: Nyie hamuijui dhahabu. Dhahabu ikijua mwenyewe kasafiri, inahama. Mawe yametoka kwenye viroba usiku, yamerudi shimoni.

Mimi: Na viroba vyenyewe?

Broka: Vimeyafuata. Kamba hukatikia pabovu.

Mimi: Methali hiyo imeingiaje hapo?

Broka: Imeingia kwa mlango. Wewe shona.

Profesa: Au ni huyu mtoto. Mifumo siku hizi imeunganishwa. Mtoto akizaliwa Ushirombo, huku baba anakatwa fungu lake papo hapo.

Mama Loveness: Kichanga ambacho hata kitovu hakijadondoka kimekula mawe?

Profesa: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hapo nilitamani kuwatoa wote kwenye benchi langu. Broka alikuwa ameshaivuta laptopu, anashusha majina kwa kidole chake kinene, na mara akapiga paja.

Broka: Mwizi nimempata. Angalieni. Mchana anapandisha Winchi, sawa. Usiku, winchi ileile, anapandisha mtu anaitwa Baba Paskalina. Kila usiku. Anakula jasho la rafiki yetu.

Profesa: Twende tukamshike.

Mama Loveness: Mkamshike nani?

Broka: Baba Paskalina.

Mama Loveness: Na Paskalina ni nani?

Paskalina ni yule binti wa Winchi anayepita hapa kila asubuhi akienda shule, na Broka humpa andazi.

Mimi: Usiku nani anaandika pale shimoni?

Mama Loveness: Mama Asteria. Na Mama Asteria hawezi kumwita mwanamume mwenye familia Winchi kama mtoto wa mtaani. Amelelewa yule.

Profesa: Basi fomula haina kosa. Niliituma kwa Winchi, ikaenda kwa Winchi. Sasa naituma kwa Baba Paskalina.

Kumi na nne.

Broka: Thelathini na moja. Bado tisa.

Mimi: Jumapili anaandika nani?

Broka: Bujiku, kaka wa mke wa Winchi.

Tukatazamana. Profesa hakusubiri kuambiwa, akachapa Shemeji kwa kidole kilekile.

Kumi na mbili.

Broka: Na kama kuna shemeji mwingine?

Mama Loveness: Bujiku ana dada mmoja tu. Mkijumlisha vyote?

Profesa: Arobaini na tatu.

Nilifurahi mpaka nikamkumbatia Profesa, jambo ambalo sikulipanga. Mama Loveness akamimina kahawa bila kudai. Broka akaanza kueleza kwamba tangu mwanzo alijua, ila alikuwa anatupima.

Ndipo akaja binti mmoja mgeni, ana begi begani na kalamu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Rosemary, karani mpya wa karasha. Nafunga foleni ya kesho. Nimeambiwa hapa kuna mtu wa kuandikwa.

Mimi: Yupo. Viroba arobaini na tatu.

Profesa: Na fomula ninayo hapa.

Rosemary: Wabeja, asante, baba. Jina lake?

Mimi: Winchi.

Rosemary: La kwenye kitambulisho. Getini wanalinganisha.

Broka: Baba Paskalina.

Rosemary: Hilo ni la heshima. Nauliza alilopewa na wazazi wake.

Profesa akamtazama Broka. Broka akanitazama mimi. Mimi ndiye ninayemshonea Winchi suruali. Najua kiuno chake, najua mguu wa kushoto ni mfupi kidogo na ninauongezea pindo bila yeye kuniomba. Jina lake sijui. Niliona aibu, na sitaki kusema vinginevyo.

Rosemary akaona nyuso zetu, akaketi. Akaketi palepale pa Winchi.

— Nipeni kikombe kimoja, akasema. — Nikikimaliza nafunga orodha.

Mama Loveness akakamua birika. Kilitoka kikombe kimoja kasoro.

Simu ya Bujiku ilikuwa imezimwa na Paskalina alikuwa shule, kwa hiyo Broka akampigia mdogo wake Frank, bodaboda wa huko Ushirombo, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Frank hakuwa mbali na hospitali. Baada ya dakika chache tu akasema yuko mlangoni pa wodi ya wazazi.

Frank: Nesi anauliza namtafuta nani.

Broka: Mume wa Mama Paskalina.

Tulisikia nesi akicheka.

Frank: Anasema Mama Paskalina wako wanne humu, na wanaume wote wamewatoa nje. Huyo wenu anaitwa nani?

Rosemary alikuwa amebakiza nusu kikombe, naye, Mungu ambariki, alikuwa anaonja kwa ncha ya ulimi.

Nikamnyang'anya Broka simu.

— Frank, mdogo wangu. Toka nje walipo hao wanaume. Ita Winchi, kwa nguvu zako zote. Atakayegeuka, mpe hongera ya mtoto, halafu muulize jina lake, utuambie na sisi.

Tukamsikia Frank akitembea, changarawe zikilia. Tukamsikia akiita, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha kwa mbali kabisa mtu akaitika. Rosemary akaweka kikombe chini, akashika kalamu, na sisi wenye benchi tukaisogelea simu, tusikie rafiki yetu anaitwa nani.