Mama Soli na Kiwanda cha Viatu vya Shule

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Soli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi viatu na mkunga. Alikulia katika harufu ya gundi na ngozi, kwani baba yake alishonea barazani, na kitanda cha mtoto kilikuwa upande wa pili wa ukuta uleule.

Masomo ya msingi na sekondari aliyapata karibu na nyumbani. Mwaka 1993 alijiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya biashara. Likizo ya kwanza alirudi na hoja moja: mzee aachane na ndara na viatu vya harusi, atengeneze kiatu cheusi cha shule, basi.

"Kiatu kimoja tu?" mzee akauliza. "Mimi ni fundi au mashine?"

Alinuna, lakini alijaribu. Shule zilipofunguliwa, wazazi walipanga foleni hadi barabarani. Siku ya mahafali mzee alimshonea bintiye viatu vipya kwa mkono wake. Kimoja kilimbana. Marehemu alipanda jukwaani akichechemea, na mzee akamnong'oneza mkewe, "Mtazame anavyotembea kwa madaha."

Alifanya kazi benki kwa muda mfupi. Macho ya mzee yalipopungua nguvu, aliacha kazi, akapanga ghala kuukuu nyuma ya soko na kuweka cherehani za kushonea ngozi. Yote aliyofundishwa darasani aliyatumia: alijua lini anunue ngozi, shule ipi aiendee kwanza, kazi ipi agawe kwa nani. Kwa miaka mingi watoto wa mji huu walivaa viatu vyake bila kujua vimetoka wapi.

Mumewe, mwalimu wa hesabu, alikutana naye kwa malalamiko. Aliingia ghalani na kiatu cha mwanafunzi kilichobanduka soli, akasema, "Hiki kimefungua mdomo. Nadhani kina njaa." Marehemu alikigundisha mwenyewe huku akicheka. Walifunga ndoa tarehe 4 Desemba 1999, wakajaliwa binti na mwana.

Kisha vikaja viatu vya plastiki kutoka nje, vya bei ya kutupa. Wafanyakazi waliona msimu mbaya tu. Yeye aliona mwisho. Alibadili mitindo, akabana matumizi, akashinda kwenye mabenchi ya ofisi za wakubwa akiomba zabuni za shule. Kila alipopiga hesabu, jibu lilikuwa lilelile.

"Utawaambia lini?" mumewe alimuuliza jikoni.

"Nikiwaambia sasa, mafundi wazuri wataondoka na kiwanda kitakufa kabla ya wakati."

"Na usipowaambia?"

"Kitakufa tu. Ila wao watakuwa wamechelewa kupata kazi kwingine."

Aliwaambia. Fundi wa gundi, aliyeanza kazi kwa mzee enzi za barazani, akasimama. "Mama, si wewe umesomea haya? Tafuta njia."

"Nimetafuta," alisema. "Ndiyo maana nawaambia."

Mafundi wazuri waliondoka, kama alivyojua. Ghala lilifungwa Novemba 2018, mapema kuliko alivyokadiria. Leo limejaa maboksi ya viatu vya plastiki. Marehemu aliweka meza ya kukarabati viatu mbele ya nyumba, lakini plastiki haikarabatiwi, ikipasuka hutupwa. Alikaa pale hata siku ambazo hakuna aliyesimama. Jirani akimtania kwamba msomi mzima anauza kivuli, alitabasamu na kumkaribisha kiti.

Mwaka 2022 alianza kuumwa tumbo. Daktari alipojaribu kuzungukazunguka, alimkatiza kwa upole: "Niambie moja kwa moja, nimezoea." Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshasambaa. Alipata matibabu kadiri yalivyopatikana, nayo hayakumfaa.

Siku zake za mwisho binti yake, aliyekuwa akijiandaa kuingia chuo, alimuuliza angesomea nini kama angeanza upya.

"Hiyohiyo biashara," alisema.

"Na kiwanda, mama?"

"Kingekufa vilevile." Akafumba macho. "Nipe maji, mwanangu."

Alifariki dunia nyumbani alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, mama mzazi na wadogo zake wawili. Wale mafundi waliosikia habari wamekuja, nao wamesimama nasi hapa. Wengi wao bado hawana kazi. Mwenyezi Mungu ampokee, ampe pumziko.