Chumba cha Mbele Kibaki na Mizani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, maana pumzi yangu siku hizi ni ya mgao na sirudii maneno. Nyumba ni yenu nyote watatu. Vitabu apewe anayesoma, si mwenye kabati zuri. Lakini chumba cha mbele, kile mlichokwisha kukipimia mapazia nikiwa nawatazama, kibaki na mizani yake, na kila Alhamisi asubuhi nesi aendelee kukutana humo na wenzangu wa mioyo iliyochoka.

Msiseme mama kachanganyikiwa. Akili ninayo, moyo ndio mvivu, hausukumi damu ipasavyo, maji yanajaa miguuni na kifuani. Miaka sita iliyopita mlinililia mapema, nikawasikia. Ndipo akaja nesi huyo, binti mdogo, na mizani kwapani, akaniagiza nipande kila asubuhi kabla ya chai, niandike kilo daftarini. Mimi niliyefundisha hesabu chuo kikuu, nikaona ananifanya mtoto, basi nikawa napanda huku nimeegemea kabati. Kilo zikawa za kigori! Siku ya tisa akasoma daftari, akanibonyeza muundi kwa kidole, shimo likabaki.

“Mama, daftari linasema umepungua. Mguu unasema una mgeni.”

“Mizani yako mbovu.”

Akapanda mwenyewe. “Mbona mimi hainionei? Tupime kabati, nusu yako iko huko.”

Nilicheka mpaka nikakohoa. Akaniongezea kidonge cha kutoa maji alivyoelekezwa na daktari, akawa anapiga simu kila Jumatatu, na mimi nikaishi: nimecheza harusi moja, nimeogesha wajukuu wawili. Leo chumbani humo kuna dereva mstaafu aliyekuwa akificha chumvi kwenye kopo la majani ya chai, na muuza vitambaa anayelalia mito minne na kutusimulia ndoto za kila mto. Tunachekana, tunapimana, tunarudi nyumbani wazima. Mkikipangisha chumba hicho, watakwenda wapi?

Na wewe, kifunguamimba wangu. Hujamsalimia nesi tangu alipotupa nyama ya kopo uliyoniletea, ukamwita adui wa ladha. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, ila mkono wako wa chumvi ungenizika mwaka ule ule. Ulinipenda vibaya, baba. Mwombe radhi. Wewe ndiye utakayefungua mlango.

Niinulieni mto… hapo. Nikiondoka Jumatano, Alhamisi msifunge. Wapimwe kwanza, ndipo… mnibebe. Wala mtu asishike kabati.

Mungu awape mioyo isiyochoka upesi, na ikichoka, awape… wa kuwauliza mmeamkaje.

Mkubwa, ufunguo huu hapa. Shika… Mbona unalia? Lia, baba. Maji yakitoka… ndiyo nafuu.